Kiti cha Maganda ya Mupunga

Shemeji yangu Faida alituma habari kutoka Wamaza: anakuja kubeba vitu vya dada yake, na kile kiti atakichoma.

Kiti chenyewe si kiti. Ni kigunia kifupi kilichojazwa maganda ya mupunga, kikashonwa mudomo kwa uzi wa nailoni. Kilikuwa chini ya ukuta, karibu na mulango wa uani, pale mwanga wa asubuhi unapoingia kwanza. Juu yake kulikuwa na vishimo viwili, kila kimoja kama kiganja cha mutoto. Muke wangu Asma ndiye aliyevichimba, kwa kukaa tu, asubuhi baada ya asubuhi, miaka.

Asma alikufa mvua zilipoanza. Homa ilimushika, ikamushinda, basi. Mukeka wake niliukunja. Kigunia sikukigusa. Mara moja tu, baada ya mazishi, nilikikalia. Mifupa yangu haikupata vile vishimo. Nikaondoka haraka nisiviharibu.

Kwa vitu vingine sikuwa na neno. Masufuria, vitenge, beseni la bluu, hata kitanda. Muke akifa, vitu vyake vinarudi kwao, na mimi sikatai haki ya mutu. Lakini kigunia nilitaka kibaki. Kilikuwa ndicho kitu kimoja ndani ya nyumba chenye umbo lake.

Mwanetu Kamaldine, anayechimba madini kule Lusangi, ndiye alinipigia simu.

"Baba, mama mudogo anasema usikifiche."

"Nitakificha wapi?"

"Mimi sijui. Ninasema alichosema."

"Muambie kiko ukutani."

"Baba, si umuache akichome tu? Ni maganda."

Nikamuambia rezo ya simu inakatika. Haikuwa inakatika.

Mimi nilikuwa mutu wa kinga, ndiyo baiskeli. Nilileta mafuta ya mawese kutoka Kabambare mupaka hapa Kasongo, nikarudi huko na chumvi na sabuni. Sikupanda. Kinga yenye bidoni za mafuta haipandwi, inasukumwa. Mukono wa kushoto unashika fimbo iliyofungwa kwenye usukani, bega la kuume linaegemea muzigo, na hivyo mutu anakwenda, kilima na bonde, mupaka nyumbani. Bega langu la kuume liko juu kuliko lingine hata leo.

Asma nilimuona barabarani, Wamaza, na kikapu cha mihogo mugongoni. Kamba ya kikapu ilipita kwenye paji la uso. Mwanamuke anayebeba hivyo anatazama chini, hana pengine pa kutazama. Nilimusalimia, akaitika bila kuinua kichwa. Safari iliyofuata nikamusalimia tena.

"Wewe ni yule wa kidole kilichokatika," akasema.

Kweli. Kidole kidogo cha muguu wa kushoto kilikwenda na munyororo wa kinga nilipokuwa kijana.

"Unanijua kwa kidole?"

"Wanaume wa barabara hii wote ninawajua kwa miguu. Yako iko ya mutu asiyejua kupumzika."

Nilioa mwanamuke aliyejua miguu yangu kabla ya kujua uso wangu. Alikuwa anapenda kuwaambia watu hivyo. Anasema uso wenyewe aliuona siku ya ndoa, na wakati huo ulikuwa umechelewa kurudishwa.

Hapa Kasongo aliendelea kubeba. Kuni, mupunga, mihogo. Kamba ilimuachia mustari juu ya paji, nywele hazikuota hapo tena. Shingo ikaenda mbele, kifua kikaingia ndani. Watoto walipokuwa wakubwa, pumzi ikaanza kumukimbia. Akitoka mutoni, tunamusikia mbele ya kumuona. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi.

Hospitalini walimupa vidonge. Vilisaidia kidogo. Kisha wakamutuma kwa Mama Célestine.

Mama Célestine alikuwa kinezi, muganga wa kunyoosha viungo, mutu wa Bukavu. Mufupi, mwenye sauti kubwa. Kule Bukavu alikuwa amejifunza kupumua kwa sista mumoja kutoka India, maana wao kwao pumzi ni kitu cha kufundishwa. Wanaita yoga. Asma alipoletewa jina hilo aliogopa.

"Mama, hii iko sala?"

"Sala yako iko kwa musikiti wako. Mimi ninafundisha mugongo na pumzi."

"Basi anza na pumzi. Ndiyo iliyonileta."

"Pumzi haina mahali pa kupita, mama. Umekunja nyumba yake. Kwanza tunanyoosha nyumba."

Alirudi amekasirika. Akaweka beseni chini kwa kishindo.

"Nimekwenda kuomba pumzi, nimepewa kukaa. Kukaa! Kama vile sijakaa tangu nizaliwe."

"Kaa basi nione," nikamuambia.

Akakaa kama wanawake wetu wanavyokaa, chini, miguu imenyooshwa mbele, mugongo umeinama juu ya mapaja.

"Umeona? Hivi, kwa Mama Célestine, haiko kukaa. Anasema nimejitupa."

Wiki zikapita na yeye anajifunza kukaa. Pumzi hakufundishwa hata moja. Siku moja Mama Célestine akaja nyumbani kuangalia. Nilikuwa nimerudi kutoka njiani, ninaziba gurudumu la kinga. Alimukalisha Asma kwenye mukeka, akamuzunguka kama mutu anayenunua mbuzi.

"Unakalia mukia."

"Mimi sina mukia."

"Mahali pake papo. Ondoka hapo. Tafuta mifupa miwili ya matako. Shika nyama kwa mikono, huku na huku, vuta nyuma."

Asma akanitazama. Nikatoka na gurudumu langu. Nikasimama nyuma ya mulango, na huko nilisikia yote.

"Vuta, usione aibu, si nyama yako? Aa. Umeisikia mifupa? Sasa kiuno kinainuka chenyewe, wewe usikisukume. Magoti yashuke kuliko kiuno. Hayashuki kwa sababu umekaa chini sana. Tafuta kitu cha kukalia, kisiwe laini, kisiwe jiwe. Mabega, hapana, usiyavute kama askari anayekaguliwa. Yainue mupaka masikio, halafu yaache yaanguke nyuma. Yaache. Mbavu ziache zininginie. Kidevu ndani kidogo."

Kisha nikasikia sauti ya Mama Célestine imeshuka.

"Mama Kamaldine, hii alama ya paji ni ya kamba?"

"Ni ya kamba."

"Miaka mingapi?"

"Tangu nijue kutembea."

"Basi sikia. Kamba ni ile ile. Lakini leo haikuvuti mbele. Imehama. Imefungwa hapa, utosini, na kuna mutu juu anaivuta polepole. Wewe usimusaidie. Muache avute."

Nilichungulia. Sikuweza kujizuia. Niliona shingo ya muke wangu inarefuka. Nilikuwa sijaujua urefu wake.

Ile kazi ya kutafuta kitu cha kukalia ilitusumbua. Muto wa pamba ulizama. Blanketi lililokunjwa liliteleza. Tofali lilimuumiza. Mimi nilileta mufuko wa muchanga, akasema nimemuletea kaburi. Akajaribu mufuko wa muchele wenyewe, na huo ulikuwa muzuri kabisa, ila panya nao waliupenda. Halafu siku moja anatoka kwenye mashini ya mupunga, akaona mulima wa maganda nyuma ya mashini, kuku wamekaa juu yake wametulia. Akasema, kama kuku wanakaa vizuri hivyo, mimi nashindwa nini? Akajaza kigunia. Maganda yalimushika. Hayakuzama, hayakumuumiza. Na kila alipoondoka, yalibaki na alama yake.

Sasa nieleze habari ya matanga, maana ndiyo Faida anayoishika mupaka leo.

Nilikuwa njiani kutoka Kabambare. Mvua ilikuwa imebomoa daraja la miti, tukakaa upande wa pili tukingojea watu walitengeneze. Nikachelewa. Nyumbani walijua nimechelewa, hawakujua kwa nini. Wakati ule simu hazikuwa za kila mutu.

Mama Célestine alikuwa amemukataza Asma kuegemea viti na meza. Kwa hiyo asubuhi ile Asma akatoa kila kitu nje. Viti, meza, kabati dogo, vyote uani. Akatandika mukeka katikati ya sebule. Moto hakuwasha bado. Akakaa kwenye kigunia, macho amefunga.

Kwetu, mutu akipita asubuhi akaona viti viko nje, hakuna moshi, na mama wa nyumba amekaa chini kwenye mukeka, hahitaji kuuliza. Jirani yetu Mama Djamali alipita. Akabisha hodi. Asma hakujibu, maana alikuwa amefundishwa asivunje kukaa kwake kwa maneno. Mama Djamali akaingia, akamutazama. Akafikiri juu yangu na ile barabara, na daraja, na mvua. Akaweka mikono kichwani, akapiga yowe.

Mutaa wote ukaja. Asma akafumbua macho, akakuta sebule imejaa wanawake wanaolia.

"Nani amekufa?" akauliza.

Wakalia zaidi. Mama Djamali akamukumbatia. "Akili imeondoka, masikini. Mumushike."

"Niachieni. Mume wangu iko njiani anakuja."

"Ndiyo, mama. Iko njiani. Tulia."

Kila alichosema kiliwaumiza zaidi. Akaacha kusema. Akavuta nyama nyuma, akarudi kwenye mifupa yake miwili, akangoja. Alinieleza baadaye kwamba kama si mifupa ile, angeamini na yeye kwamba nimekufa.

Mimi nikatokea muchana, na kinga yangu na mafuta. Kwa mbali nikaona bashi, lile turubai la matanga, limefungwa mbele ya nyumba yangu na wanaume wamekaa chini yake. Nilijua ni Asma. Kifua kile kimemumaliza, nikasema. Nikamukuta Iliasi, rafiki yangu, kwenye kona anabeba kuni.

"Iliasi. Ni nani?"

Aliangusha kuni zote.

"Ni wewe," akasema.

Nilisukuma kinga mupaka mulangoni, nikaangalia ndani. Wanawake wameinama wote, wanalia. Katikati yao mugongo mumoja umesimama. Asma akanitazama usoni, moja kwa moja, kama vile ananisubiri kwa chai.

"Nimewaambia," akasema. "Hawasikii."

Iliasi alinifuata. Alikuwa na hasira ya kweli.

"Nimeacha mupunga wangu na ndege kuja kukulilia, na wewe unaleta mafuta?"

"Endelea kulia kidogo, nisikie mulivyokuwa munanisifu."

"Tumemaliza. Hayakuwa mengi."

Chakula cha matanga kilikuwa kimeletwa tayari, haukuwa muda wa kukirudisha. Tulipika muchele wa watu kwa mafuta yangu, tukala pamoja, mimi maiti nikapewa nyama ya kwanza. Wanawake walikuwa bado kwenye mikeka. Mama Djamali akamuuliza Asma alikuwa anafanya nini hasa pale chini. Asma akamuonyesha. Nilisikia kutoka nje: "Vuta nyama nyuma, usione aibu." Kicheko kikapasuka humo ndani mupaka wanaume wakageuka.

Kutoka siku ile walikuwa wanakuja. Si kila siku. Kazi zikiruhusu, wanawake kadhaa wanakaa na Asma sebuleni mbele ya jua kupata nguvu. Mama Célestine alipoona wanakaa vizuri, ndipo akawapa pumzi. Kwa pua tu. Tumbo lijae kwanza, kisha mbavu zifunguke upande, kisha itoke polepole, kutoka kuwe kurefu kuliko kuingia. Filimbi ya Asma haikwisha kabisa. Ilikuwa inakuja na vumbi na moshi. Lakini alijua afanye nini ikija. Alikuwa anakaa.

Mama Célestine alirudi Bukavu. Asma akaendelea.

Mimi sikukaa nao hata siku moja. Nilikuwa na kazi ya moto. Ninawasha jiko uani, mbali na mulango moshi usiingie, ninaweka maji, kisha ninasimama pale na kikombe. Nilipenda kumutazama. Anakaa, anavuta nyama nyuma, anainua mabega, anayaachia. Na kile kidevu. Halafu utosi unapanda kidogo, kama kamba imeshikwa. Kila asubuhi nilingoja hapo kwenye utosi. Ndipo ninakunywa chai yangu.

"Papa Kamaldine," alikuwa anasema bila kufumbua macho, "unasimama kama kinga iliyoegemea ukuta."

"Umenionaje?"

"Ninakusikia. Kikombe chako kinalia upande mumoja."

Alipokwisha kuzeeka, na mimi nimeacha barabara, tulikuwa hivyo tu. Siwezi kusema zaidi.

Faida hakuwahi kuicheka habari ya matanga. Ilipofika Wamaza alisema sisi ni wajinga. Mumeweka matanga, mumelia, mumekula, na maiti hakuna. Munafikiri yameondoka? Yamekaa humo ndani yanangoja. Asma alimujibu kwamba hata yeye anakaa humo ndani anangoja, wataongea. Lakini Asma alipokufa, Faida alilia makaburini akisema neno hilo hilo. Kigunia ndicho kilichomuita. Mutu anakaa kama mufiwa kila siku, mwisho wanamuletea kifo.

Basi akaja.

Pikipiki ilimuleta adhuhuri, matope mupaka magotini. Yeye pia amebeba kwa kamba maisha yake yote. Yeye zaidi kuliko Asma, maana Wamaza shamba liko mbali. Alishuka, akasimama mbele yangu ameinama, akatazama miguu yangu.

"Kidole bado hakijaota, shemeji."

"Bado. Karibu."

"Ahsante. Poleni na upweke."

"Tumeshapoa."

Hatukuwa tumepoa, yeye na mimi. Nilimupa maji. Alipokuwa anakunywa nikasikia, chini kabisa, ile filimbi. Kifua cha mutu si cha kuulizwa mulangoni.

Akafunga vitenge. Masufuria akayahesabu kwa jicho, akaniachia mawili, nikamushukuru. Kitanda alikikataa. "Ulale wapi wewe?" Kisha akasimama mbele ya ukuta.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho."

"Hata kwa macho ni kibaya."

"Faida, beba kila kitu. Hicho niachie."

"Wewe ndiye unataka kukilalia kichwa na kulia. Nimekujua. Na kitakuita wewe pia, na mutoto wa dada yangu abaki bila baba."

"Mutoto wa dada yako ana mvi."

"Hata kama. Washa moto."

Nikatoka uani kuwasha moto, lakini wa chai. Sikumupinga, alikuwa mugeni na mufiwa, na haki ilikuwa upande wake. Nikawaza labda akinywa chai moyo utalegea. Kuni zilikuwa na maji ya mvua. Moshi ukatoka muzito, upepo ukaugeuza, ukaingia sebuleni. Sikuwa makini tena na mulango. Tangu Asma aondoke, nani wa kumukinga moshi?

Nikamusikia anakohoa. Mara ya kwanza, ya pili, kisha kikohozi kikakosa hewa. Nilipoingia alikuwa chini, ameshika koo, amejikunja kabisa, kichwa karibu na magoti. Filimbi ilikuwa kali. Macho yametoka.

Nilisukuma mulango wa uani ukafungika, nikafungua ule wa mbele. Nikamuinua kwa kwapa. Kitu kilichokuwa karibu kilikuwa kigunia. Nikamuweka hapo.

"Vuta nyama nyuma," nikamuambia.

Alinitazama kama mutu aliyetukanwa.

"Nyama ya chini. Kwa mikono yako. Mimi ninageuka."

Nikageuka. Huyo ni shemeji yangu, siwezi kumutazama hapo. Nikakaza macho kwenye mulango wa mbele, pikipiki ya watu inapita, na maneno yakatoka mudomoni mwangu moja baada ya jingine. Sikuyatafuta. Tafuta mifupa miwili. Kiuno kiinuke chenyewe. Usikunje kifua, fungua nyumba. Mabega mupaka masikio, halafu yaache. Yaache, Faida. Mbavu ziache zininginie. Ile kamba ya paji, ihamishe utosini. Imefungwa utosini. Kuna mutu juu anavuta. Usimusaidie.

Nyuma yangu filimbi ilikuwa inapiga, inapiga. Kisha ikashuka kidogo. Nikamuambia atoe polepole, kwa pua, kutoka kuwe kurefu. Ikashuka tena. Nikaendelea kutazama mulango. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Maji ya chai yalichemka yakazima moto wenyewe, niliyasikia.

Halafu kukawa na pumzi tu.

"Geuka," akasema.

Niligeuka. Alikuwa amekaa pale chini ya ukuta, ameingia kwenye vile vishimo kama yai kwenye kiota. Nyonga zao zilikuwa moja, mama mumoja. Mustari wa paji ulikuwa ule ule. Kichwa kilikuwa juu. Faida alinitazama usoni, na mimi nikafikiri, tangu nimuoe dada yake, hajawahi kufanya hivyo.

"Shemeji," akasema, "umezeeka."

"Ndiyo."

"Kumbe ulikuwa na sura."

Nikakaa kizingitini. Yeye akabaki juu ya kigunia. Alilia kidogo, lakini wima, machozi yanashuka mupaka kidevuni na pumzi inaendelea kwenda. Mimi nilitazama utosi wake. Ulikuwa haujapanda vizuri. Bado.

Tulikunywa chai iliyobaki.

"Ninasema bado kwamba kilimuita," akasema.

"Sema."

"Lakini nikikichoma, moshi wake utanimaliza mimi." Akakipapasa. "Tukigawe. Lete kisu. Nusu ya maganda yabaki kwako, nusu niende nayo."

"Usipasue."

"Kwa nini?"

"Vishimo vitakufa."

Akaelewa. Akaondoka juu yake, akainama akaviangalia, akaingiza kiganja kimoja ndani ya kishimo kimoja, akakiacha humo.

"Basi kaa nacho," akasema. "Nimeacha. Ni chako."

Hapo ndipo lilikuwa neno langu, lile moja la kutaka kigunia kibaki. Lilikuwa mikononi mwangu. Ningelikunja na kulificha. Lakini alipoinama kuniambia vile, shingo ilikwenda mbele, kifua kikaingia ndani, na chini kabisa ile filimbi ikalia tena, kidogo, kama mulango wa mbali.

"Kinakukaa wewe," nikasema. "Mimi nilijaribu. Mifupa yangu haikuingia."

"Shemeji."

"Kibebe. Kabla ya kupumua, kaa. Hata kama hupumui, kaa tu. Na moshi uwe mbali na mulango."

Alilala kwa jirani, kwa Mama Djamali, wakakumbushana. Asubuhi pikipiki ilikuja. Nilikifunga kigunia mimi mwenyewe, juu ya mizigo yote, vishimo vikitazama mbinguni. Mafuta niliyofunga maisha yangu yote sikuyafunga kwa uangalifu ule. Yule wa pikipiki akauliza kama anaweza kukiegemea kidogo.

"Hapana," tukasema wote wawili.

"Ni kiti au si kiti?"

"Si chako," Faida akamuambia. Akapanda. Hakufunga kamba ya kikapu kwenye paji, kikapu alikipakata. Wakaondoka kuelekea Wamaza, na kwa muda niliona kigunia kinapanda na kushuka na barabara.

Ukutani pamebaki alama ya vumbi, mviringo, mahali kilipokuwa. Sikufagia.

Baada ya siku chache nilikwenda kwenye mashini ya mupunga. Kuku wako bado juu ya maganda. Nilijaza mufuko niliokuwa ninaweka begani wakati wa kinga, ule wa kuzuia muzigo usinichubue. Iliasi aliniona ninapita nao.

"Unafuga nini tena?"

"Ninakwenda kukaa."

"Kukaa nako kunahitaji muzigo?"

Nikamuambia aje aone. Akasema yeye anajua kukaa tangu mutoto. Nikaendelea na njia yangu.

Nimeuweka ukutani, palepale. Maganda mapya yanapiga kelele, hayajanijua. Ninavuta nyama nyuma, imebaki kidogo. Mifupa ninaisikia, mumoja vizuri, mwingine kwa mbali, kwa sababu ya bega. Ninainua mabega yote mawili mupaka masikio na kuyaachia, na la kuume linabaki juu, linangoja bidoni. Linajua barabara ya Kabambare kuliko linavyonijua mimi. Ninaliachia tena.

Kidevu ndani. Kamba utosini.

Faida alipiga simu kwa Kamaldine, Kamaldine akanipigia. Anasema mama mudogo anakaa. Anauliza pumzi inaanza lini. Nikamuambia amuambie asiwe na haraka. Hata mimi sijafika hapo. Ninakaa tu.